Tone Moja, Jicho la Kulia

Wiki iliyopita niliingia kwenye duka la pembejeo pale Pangani kununua dawa ya viwavi, maana mahindi yangu ya ng'ambo ya mto yalikuwa yanaliwa mpaka naona aibu kupita shambani. Sikuwa na nia ya kukumbuka chochote. Lakini harufu ya duka lile ilinisimamisha mlangoni: magunia mapya, pumba, mbegu zilizopakwa dawa, na ule ukali wa dawa ya kupulizia unaokwama kooni. Binti wa dukani alikuwa amefungua friji ndogo, anamtolea mama mmoja kichupa cha chanjo ya kuku, na anamwambia, "Tone moja, jicho moja, mama. Usizidishe." Nikacheka peke yangu, kisha nikajikuta natafuta pa kukaa. Binti akaniuliza kama nina kizunguzungu. Nikamwambia hapana, nilikuwa na bibi. Akanitazama kwa huruma, nadhani hakuelewa hata kidogo.

Asiyeijua Pangani aambiwe hivi: ni mji mdogo wa kale kwenye mdomo wa mto, una nyumba za mawe na milango ya nakshi, na wenyeji wake tunapenda sana kujiita watu wa mjini. Muulize mtu wa Pangani kwao wanafanya nini, atakutajia elimu ya babu yake na biashara ya baba wa babu yake. Jembe hatalitaja, nalo limeegemezwa nyuma ya mlango huo huo wa nakshi. Mji mzima uliishi kwa shamba. Mzee Karimu, Mhindi wa ukoo wa wenye maduka, aliuza majembe, mbegu na dawa ya kupe chini ya paa lile lile ambalo babu yake aliuzia vitambaa. Bwana mifugo alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, na mlangoni pake hapakosekani mbuzi aliyefungwa. Wakwezi wa minazi walikaa barabarani asubuhi, kamba begani, wakingoja kuitwa kuangua nazi. Watu wa Mwera, Ushongo na Mkwaja walivuka na pantoni kuja kutafuta huduma hizo, na wazee wakisalimiana kwenye foleni ilikuwa ni Kimtang'ata kitupu, lugha ambayo sisi watoto tuliielewa yote lakini tuliijibu kwa Kiswahili cha shuleni. Nilikulia katikati ya mambo hayo, nikidhani kila mji duniani una mbuzi mlangoni mwa ofisi.

Bibi yangu, mzaa mama, alinichukua nikiwa na miaka minne, mama alipokwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi mkali na kuku wengi. Aliniita mke mwenza, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na akanigombeza kama mke mwenza kweli: kwamba nala mno, nalala mno, na kwamba marehemu babu angeniandikia talaka siku ya pili. Kuku wake walikuwa thelathini na kitu, na kila mmoja alimjua kwa jina na kwa mlio. Asubuhi alikaa kwenye kibao chake uani, akarusha pumba, akasikiliza, halafu akasema, "Kishungi hajala leo. Kamtazame." Nikienda namkuta Kishungi amejikunyata nyuma ya pipa, kweli hajala.

Siikumbuki siku niliyojua kwamba Bibi haoni. Naona kama nililijua jambo hilo polepole, kama mtoto anavyojua nyumba yao ina ngazi mbovu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alichokuwa akiona ni maziwa: jicho la kushoto maziwa mazito, jicho la kulia maziwa yaliyoongezwa maji. Katika hayo ya kulia aliona kivuli cha mtu, mwanga wa mlango, na weupe wa kuku mweupe. Basi. Lakini mtaani hakuna aliyejua, kwa sababu Bibi alikuwa fundi wa kuficha. Mtu akipita tu barazani, alimwahi kwa ukali: "Nani huyo apitaye kama mwizi?" Mtu angeshtuka, "Shikamoo Bibi, ni mie Halima!" na Bibi angejibu, "Marahaba. Sasa si ungesema, Halima?" Watu wakasema bibi yule ana hasira za uzee. Kumbe alikuwa anaulizia majina. Akimimina chai alitia ncha ya kidole kikombeni. Mchele alinipa mimi nichague, akawaambia wageni kwamba mke mwenza lazima afunzwe kazi. Na kila asubuhi akishaoga aliketi kitandani, akainua uso, nami nikampaka wanja, kwani aliona bora afe kuliko kuonekana barazani bila wanja.

Alikuwa na sababu ya kuficha. Jirani yetu Bi Rukia, magoti yalipomshinda, wanawe walikuja wakamchukua kwenda kumtunza Dar es Salaam. Walimchukua kwa mapenzi kabisa. Akakaa kwenye chumba cha nyuma huko Mbagala, hana kuku, hana jirani wa kumsengenya, na baada ya miezi sita akarudishwa Pangani ndani ya sanda. Bibi alirudi kutoka mazikoni, akavua viatu, akasema, "Mie sitaki kupendwa hivyo."

Mjomba Sefu, mwanawe pekee wa kiume, naye alikuwa Dar es Salaam, katika vyumba viwili na watoto watano. Angejua kwamba mama yake haoni, angekuja kumchukua siku hiyo hiyo. Kwa Bibi pangepatikana pa kulala. Kwangu mimi lilikwishazungumzwa: ningepelekwa Korogwe kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani na alinipa mkono bila kunitazama. Kwa hiyo siri ile haikuwa ya Bibi peke yake. "Macho yangu yako kwako," aliniambia. "Siku ukinisema, mie na wewe tumeachana." Na mimi nilikuwa na umri wa kuamini kwamba bibi na mjukuu wanaweza kuachana.

Sasa nije kwenye kuku. Kideri kikiingia mtaani hakimbakizi kuku. Asubuhi unamkuta shingo imepinda na kinyesi ni kijani, jioni unamzika. Dawa ya kumtibu hakuna, kuna chanjo ya kumkinga tu, na chanjo katika mtaa wetu ilikuwa mikononi mwa Bi Tatu. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyefundishwa kazi hiyo na bwana mifugo. Alikuja baada ya sala ya alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, amebeba chupa ya chai ambayo ndani yake hamna chai bali barafu, na katikati ya barafu kichupa cha plastiki chenye mdomo mwembamba. Wanawake wa mtaa walisaidiana nyumba kwa nyumba. Mmoja alimtoa kuku bandani, mwingine akamshika mbawa na kumlaza ubavu, Bi Tatu akamshika kidevu, akamkazia jicho moja na kudondosha tone. Akangoja kuku apepese, kisha akasema, "Haya, bibi harusi, nenda zako." Kazi yangu ilikuwa kuwaachia waliokwisha kutiwa.

Mara ya kwanza nilipoona kazi ile nilimwuliza kwa nini hatii macho yote mawili. "Jicho moja latosha," alisema. "Dawa yaingia, yazunguka mwili mzima. Huyu sasa kideri hakimwoni." Nilikaa na maneno hayo mwaka mzima. Mwaka ule ule nyumba ya tatu kutoka kwetu walikataa chanjo, wakisema kuku wao ni wa asili, na kuku wao wakaisha wote kabla ya mwezi kuandama. Wetu hawakupungua hata mmoja. Tena nilikuwa na ushahidi wangu binafsi. Kishungi siku ya chanjo alikuwa na jicho lililofumba kwa ndui, limevimba na gaga, lile gamba la kidonda, juu yake. Bi Tatu alimtia tone, na baada ya wiki mbili gaga likaanguka, jicho likafunguka, safi, la rangi ya machungwa. Leo najua lingefunguka lenyewe. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: kwamba ile ni dawa ya macho, tena ya ajabu, na kwamba watu wazima kwa uzembe wao hawajawahi kufikiria kumtia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa Mjomba Sefu alipopiga simu. Bibi hakuwa na simu, kwa hiyo alipiga kwa Bi Tatu, na Bi Tatu akaja kutuletea maneno: Ijumaa anakuja. Mgeni fulani aliyepita Pangani amemwambia kwamba mama yake alimmiminia chai pembeni ya kikombe, mezani, huku anaongea. Bi Tatu alilisema hilo kwa kucheka. Bibi naye akacheka, akasema mgeni yule ana maneno mengi hata akawachosha watu, ilikuwa bora chai impite. Bi Tatu alipoondoka, Bibi alibaki anapapasa ukingo wa kitanda, akiupitisha mkono huku na huku.

"Atajua," akasema.

"Nitakaa karibu yako, Bibi. Nitakuwa nakunong'oneza."

"Sefu si mgeni, mke mwenza. Sefu nimemzaa. Atakaa siku tatu, atajua."

Sikulala vizuri siku hizo. Nilikuwa nikitazama kila kitu cha nyumba ile kana kwamba kimekwishafungwa kwa safari: kibao cha uani, sufuria ya mviringo, pazia la bluu. Na Alhamisi asubuhi ndipo ilipoangukia zamu yetu ya chanjo.

Kazi iliisha jua halijapanda. Bi Tatu alikaa barazani akanywa chai, kisha akanipa kile kichupa. "Hichi kimebaki kidogo, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Kakitupe chooni." Nilikichukua. Nilikwenda mpaka mlangoni mwa choo. Nakumbuka hata nzi waliokuwa pale. Kisha nikakitia kwenye mkunjo wa kanga yangu na kurudi ndani.

Bibi alikuwa ameshaoga, ameketi kitandani, uso ameuinua anangoja wanja. Nikampaka la kushoto, nikampaka la kulia. Halafu nikamwambia, "Usishushe uso, Bibi. Leo kuna na dawa."

"Dawa gani?"

"Ya macho. Bi Tatu kanipa." Na hilo, kwa namna yake, lilikuwa kweli.

"Bi Tatu ana dawa ya macho ya watu?"

"Anayo."

Nadhani naye alikuwa amechoka kuogopa, maana hakuuliza tena. Nilimshika kidevu kama nilivyoona kuku wakishikwa. Nilifikiri jicho lipi, kwa kuwa sheria ni jicho moja, nikachagua la kulia, lile lenye maziwa yaliyoongezwa maji, kwa kuwa nilidhani dawa ingepata njia rahisi. Nikadondosha tone. Nikangoja apepese.

"Yawasha," akasema.

"Inazunguka," nikamwambia.

Ijumaa alfajiri niliamshwa na mkono wake ukinitafuta. Jicho la kulia lilikuwa limevimba na kufumba, jekundu, linatiririka maji, na wanja umemshuka mpaka shavuni. "Mke mwenza," alisema kwa sauti ya chini, "washa taa." Taa ilikuwa inawaka. Nikamwambia inawaka. Kile kivuli cha mtu, ule mwanga wa mlango, ule weupe wa kuku mweupe, vyote nilikuwa nimevizima mimi.

Nikalia nikamwambia yote, choo, kichupa, Kishungi na jicho lake la machungwa. Nilingoja anipige, au aniandikie hiyo talaka. Alinivuta akaniweka kifuani, akakaa hivyo mpaka pumzi zangu zikatulia. "Basi," alisema. "Mtu asilijue hili. Ni langu." Kisha, baada ya muda: "Kuku wamekula?" Nikaenda kuwapa pumba.

Mjomba Sefu aliteremka kwenye basi kabla ya sala ya Ijumaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayefuta viatu mara mbili kabla ya kuingia. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mama," na Bibi akageuza uso upande ambao hakuwapo mtu. Mchana wa siku ile ile tulikuwa kwenye barabara ya Tanga, Bibi katikati yetu, jicho amelifunika kwa ncha ya kanga, mpaka tukafika hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akamfungua jicho taratibu, akaangaza kwa kitochi chake. "Bibi, hili jicho limetiwa kitu. Nani kakutia?"

"Nimejitia mwenyewe," Bibi akasema. "Dawa ya kuku. Nilidhani yafaa."

Mjomba Sefu aliinuka kwenye kiti. Sijawahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti, si kabla wala baada. "Mama! Dawa ya kuku? Mtu mzima na akili zako, unajitia dawa ya kuku jichoni? Huoni, huniambii, unajitibu kwa chanjo ya kuku! Basi yamekwisha. Wewe si mtu wa kuishi mwenyewe tena. Kutoka hapa tunakwenda Dar, hata hiyo Pangani hatupiti."

Bibi alikaa pale, mikono mapajani, akikubali kuitwa mtu asiye na akili, yeye ambaye mtaa mzima uliogopa ulimi wake. Nilielewa wakati ule ule bei ya kunificha. Angepoteza nyumba, kuku, baraza, kila kitu, asinitaje. Nami nikisema, nilikuwa na hakika, nitapelekwa Korogwe kabla ya jua kuzama, na Mjomba hatataka kuniona tena. Miguu ilikuwa haifiki chini kwenye kiti kile. Nikateremka.

"Ni mimi," nikasema. "Nimemtia mimi. Yeye hakujua. Nilitaka aone ili usimchukue."

Mjomba alinitazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema. Daktari akaweka kitochi mezani, akaniita kwake, na akaniuliza nilijuaje kwamba ile ni dawa ya macho. Nikamweleza habari za Kishungi. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kucheka, na mpaka leo namshukuru kwa kutokucheka.

"Sikiliza," alisema, akinitazama mimi ingawa aliwaambia wote. "Wachanjaji wenyewe hupatwa na hili, wakijifuta macho kwa mikono yenye chanjo. Huvimba, huwasha, na huisha. Wiki moja, wiki mbili, na usafi. Jicho hili halikuharibiwa na tone lako." Kisha akamgeukia Mjomba. "Kinachomfanya asione ni mtoto wa jicho. Ameziba macho yote mawili, na si wa jana. Huyu ni wa miaka. Anatolewa, mzee. Dakika chache tu. Mlikuwa mnangoja nini?"

Mjomba Sefu alikaa chini. Alikuwa akija Pangani kila Idi. Alikuwa akikaa naye barazani, akila chakula chake, akipokea dua zake.

"Mie nilificha," Bibi akasema upesi, kumtetea. "Kosa langu. Yule mke wa marehemu Shabani walimpasua akarudi kipofu kabisa, nikaogopa." Halafu akainua kidevu, na nikamtambua tena. "Haya, nipasueni. Lakini tuandikiane kwa maneno, Sefu, na daktari awe shahidi. Nikiona, narudi kwangu na mjukuu wangu, na habari ya Dar isisikike tena. Nisipoona, nichukue. Sitapiga kelele."

Mjomba alifikicha uso kwa viganja. "Sawa, Mama."

"Sema vizuri."

"Ukiona, unarudi kwako na mjukuu wako."

Tulirudi Pangani kungoja jicho lipone. Bi Tatu alipopata habari alikuja mbio, akakaa sakafuni, akajilaumu kwa kumpa mtoto kichupa, akalia. Kisha akaanza kucheka, na Bibi naye akacheka, mpaka wote wawili wakawa wanafutana machozi. Siku zote tatu za mwanzo alikuja asubuhi kumsafisha Bibi jicho kwa maji ya moto yaliyopoa. Siri ilikuwa imekwisha, na jambo ambalo Bibi hakulitegemea likatokea: mtaa haukumhurumia. Halima alianza kupita barazani akipaza sauti, "Ni mie Halima, si mwizi!" Mkwezi mmoja akaleta madafu. Mzee Karimu alituma kiti cha kukunja ili mgonjwa akae kwenye basi siku ya safari. Tulikuwa tumejificha kwa watu waliokuwa tayari kutushika mkono.

Wiki tatu baadaye Mjomba alirudi kutoka Dar, na tukampeleka Bibi hospitalini. Walianza na jicho la kushoto. Tuliambiwa bandeji itafunguliwa kesho yake asubuhi, na asubuhi hiyo mimi nilijibanza nyuma ya Mjomba, nimeshika shati lake. Naye alikuwa na wasiwasi. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Nilijua tunangoja kitu kimoja lakini kila mtu ana chake cha kupoteza. Kama Bibi haoni, mimi sina kwetu.

Daktari alifungua bandeji, akamsafisha, akamwambia afumbue polepole. Bibi akafumbua. Akapepesa. Akamtazama Mjomba Sefu aliyesimama mbele yake, akamtazama sana, kisha akakunja uso.

"Huyu nani?"

Mjomba akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama," alisema, na sauti ikamkatika. "Mama, ni mimi. Sefu."

"Si kweli. Sauti ni ya Sefu." Bibi aliinua mkono akamgusa kidevu. "Sefu wangu hana mvi."

Ilituchukua muda kuelewa. Daktari ndiye aliyeelewa kwanza, akageukia dirishani. Bibi alikuwa akizivuta mvi zile za ndevu moja moja, kwa kidole na gumba, akizihesabu kwa macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. "Lini umezeeka, mwanangu? Lini? Mbona hukuniambia?" Mjomba Sefu, mtu mzima wa watoto watano, aliweka kichwa mapajani mwa mama yake akalia kwa sauti, na Bibi akawa anampapasa kisogo na kusema kwamba hata kisogoni zipo. Alipotulia alisema, kabla hajaulizwa, "Kesho tunarudi Pangani, Mama. Wewe na mjukuu wako."

"Yuko wapi?" Bibi akasema.

Mjomba akasogea kando. Sikuwa na pa kujificha tena. Nilikuwa nimempaka wanja mwanamke yule kila asubuhi kwa miaka mitano, nikaufahamu uso wake kuliko wangu, na sasa nilikuwa naona haya mbele yake kama mgeni. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka nyweleni, hana haraka. Nikatabasamu kwa kukosa la kufanya.

"Kumbe una mwanya," Bibi akasema.

Alipoacha kuniona vizuri nilikuwa bado na meno ya utoto. Alinyoosha mkono akanivuta karibu zaidi, mpaka pumzi zetu zikagusana.

"Cheka tena, nione."

Nikacheka, machozi yananishuka mpaka mdomoni, naye akaendelea kutazama.